Mwongozo wa Kuzuru Amritsar, Mji Mtakatifu wa Wasikh

Msafiri aliyewahi kupita barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, akasimama Makindu na kuingia katika gurudwara, yaani nyumba ya ibada ya Wasikh, iliyoanzishwa pale mwaka 1926, akavua viatu, akafunika kichwa na kuandaliwa chapati, dengu na chai bila kudaiwa hata senti, tayari anazijua nusu ya adabu za Amritsar. Wasikh, ambao kwetu tumezoea kuwaita Makalasinga, walifika Afrika Mashariki kwa wingi kutoka Punjab wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda ulioanza mwaka 1896, na popote walipotua walijenga nyumba ya ibada yenye jiko lililo wazi kwa kila mpita njia. Amritsar, iliyoko kaskazini-magharibi ya India karibu na mpaka wa Pakistani, ndiyo kitovu cha desturi hiyo. Mwongozo huu unamlenga mtu anayetaka kwenda kuiona huko huko: mwanafunzi wa Jalandhar, Phagwara au Chandigarh mwenye siku chache za likizo, mtu aliyemsindikiza mgonjwa Delhi akapata nafasi, au mtalii aliyefunga safari kutoka nyumbani au kutoka nchi za Ghuba.

Wageni wengi hukosea kwa kuugeuza mji huu kuwa wa siku moja: asubuhi hekaluni, mchana makumbusho, jioni mpakani, usiku ndani ya treni. Mji wenyewe ulizaliwa kutokana na bwawa la maji, na mpaka leo saa zake muhimu ni zile za bwawa, yaani usiku na alfajiri, ambazo mgeni wa siku moja hazipati. Kwa hiyo nashauri utenge siku mbili kamili na nyusiku mbili, uzipange kwanza saa za hekalu, kisha mambo mengine yote uyapachike katikati.

Kabla ya kuondoka

Anza na makaratasi. Raia wa Kenya na Tanzania wanaweza kuomba viza ya India kwa njia ya kielektroniki, na ni vizuri kuiomba mapema badala ya kungoja wiki ya safari. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo hudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo huhesabika kuwa halali baada ya siku 10 tangu kuchomwa. Hivyo anayechanja siku mbili kabla ya kupanda ndege amejitafutia karantini. Hata kama umeambiwa nchi yako haimo katika orodha, beba cheti, kwa maana hakina uzito.

Pili, chagua majira. Miezi ya Oktoba hadi Machi ndiyo inayofaa, ingawa mwishoni mwa Desemba na Januari ukungu huwa mzito kiasi cha kuchelewesha treni na ndege, na baridi ya usiku huhitaji sweta la kweli, si lile tunalovaa Nairobi mwezi wa Julai. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40, na marumaru ya hekaluni, ambayo utaikanyaga peku, huwaka. Sikukuu kama Vaisakhi katikati ya Aprili na Bandi Chhor Divas, inayoangukia wakati mmoja na Diwali, zina uzuri wake wa taa na fataki, lakini foleni huwa ndefu mno na vyumba hupatikana kwa shida. Mgeni wa mara ya kwanza atafaidi zaidi siku ya kawaida katikati ya juma.

Kufika na kulala

Kutoka Delhi ni takriban kilomita 450. Treni za haraka huchukua kama saa sita, na kwa maoni yangu ndizo bora, kwa sababu dirishani utaiona Punjab yenyewe: mashamba ya ngano na mpunga yasiyo na mwisho, mifereji ya maji, na matrekta kila upande. Uwanja wa ndege, unaoitwa kwa jina la Guru Ram Das, mmoja wa walimu wakuu wa dini ya Wasikh waitwao Maguru, uko kilomita 11 hivi kutoka mjini na hupokea ndege za moja kwa moja kutoka Doha na Dubai, jambo linalowafaa Waswahili walioko Ghuba. Ukishuka stesheni au uwanjani, panda teksi au bajaji mpaka mwanzo wa mji wa kale, kisha endelea kwa miguu au kwa bajaji ya umeme, kwa kuwa barabara ya mwisho inayoelekea hekaluni imetengwa kwa waendao kwa miguu. Patana nauli kabla ya kukaa. Hilo halina tofauti na Kariakoo.

Kuhusu malazi, hekalu lina nyumba za wageni za mahujaji, kongwe zaidi ikiwa ile ya Guru Ram Das, ambamo wageni kutoka nje ya India wametengewa bweni lao. Malazi hayo ni ya bure au ya bei ndogo sana, ni ya kawaida mno, na hayakusudiwi mtu kukaa zaidi ya siku tatu. Ukilala hapo, toa sadaka unapoondoka. Asiyeweza kulala chumba kimoja na watu asiowajua atafute hoteli ndani ya mji wa kale, si katika mitaa mipya ya mbali, kwa kuwa umuhimu wote wa malazi yako ni kuweza kutembea mpaka hekaluni saa kumi ya alfajiri.

Jioni ya kwanza: kuingia hekaluni

Fika jioni ile ile uliyowasili, jua likiwa linazama. Jina la Kisikh la mahali hapa ni Harmandir Sahib, ingawa dunia inalijua kama Hekalu la Dhahabu. Kabla ya lango, fuata utaratibu huu bila kuruka hatua. Toa viatu na soksi na uviweke katika chumba cha viatu, ambapo utapewa kibati chenye namba. Huduma hiyo hailipiwi, na wanaovipokea viatu vyako ni watu wa kujitolea, baadhi yao wakiwa wenye vyeo na mali. Funika kichwa, mwanamume kwa mwanamke. Mtandio, leso au kanga inatosha kabisa, na asiye na kitu huazimwa kitambaa langoni. Kofia ya kivuli haikubaliki, na mwenye kofia ya aina nyingine asibahatishe, afunge kitambaa. Mabega na magoti yasitiriwe. Sigara, tumbaku ya aina yoyote na pombe visiingie hata vikiwa ndani ya mfuko, kwa kuwa kwa Wasikh tumbaku ni mwiko mkubwa. Mwisho nawa mikono, kisha pitisha miguu katika kijito kifupi cha maji kilicho mlangoni.

Baada ya hapo utashuka ngazi. Mahekalu mengi duniani humpandisha mwenye kusali, lakini hili humteremsha, ili kila aingiaye aanze kwa kunyenyekea. Na milango yake ni minne, kila upande mmoja, ishara kwamba watu wa pande zote na wa tabaka zote wanakaribishwa. Bwawa lilichimbwa mwaka 1577 wakati wa Guru Ram Das, Guru wa nne, na jina la mji linatokana nalo: Amrit Sarovar, bwawa la maji ya uzima. Mrithi wake, Guru Arjan, alijenga hekalu katikati ya maji na mwaka 1604 akaweka ndani yake nakala ya kwanza ya maandiko matakatifu. Majeshi ya Ahmad Shah Abdali kutoka Afghanistan yalilibomoa mwaka 1762, Wasikh wakalijenga upya, na mwanzoni mwa karne ya 19 Maharaja Ranjit Singh, mfalme wa Wasikh, akalivika dhahabu. Ukitazama vizuri utagundua kwamba dhahabu iko sehemu za juu tu. Chini ni marumaru nyeupe iliyotiwa nakshi za mawe ya rangi, maua na ndege, ambazo wengi huzipita bila kuziona kwa sababu macho yao yamekwisha kutekwa na dhahabu.

Jioni hiyo usijipange kwenye foleni ya kuingia ndani. Zunguka tu bwawa kwa kuelekea kushoto, yaani kwa mwelekeo wa mshale wa saa, ukifuata ukumbi wa marumaru. Utapita mikunazi mitatu ya kale. Mmoja, uliopo upande wa mashariki, unaitwa Dukh Bhanjani Beri, mkunazi wa kuondoa taabu, ambapo inasimuliwa kuwa mtu mwenye ukoma alipona baada ya kuoga. Mwingine ni ule ambao Baba Buddha, mzee aliyekuja kuwa msomaji wa kwanza wa maandiko hekaluni, alikaa chini yake akisimamia uchimbaji. Ukichoka, keti ukingoni ukiwa umekunja miguu. Usiitumbukize miguu majini wala kuinyoosha kuelekea hekaluni. Wanaume huoga bwawani wakiwa na kaptula, wanawake wana sehemu yao iliyozibwa, na sabuni hairuhusiwi. Picha unaweza kupiga kwa staha ukiwa ukumbini, ila usirekodi vichekesho vya mitandaoni, na ndani ya hekalu lenyewe kamera na simu zisitoke mfukoni kabisa.

Subiri mpaka kati ya saa tatu na nusu na saa tano usiku, kutegemea majira. Hapo kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, hutolewa hekaluni juu ya machela ya dhahabu iliyopambwa kwa maua, hubebwa kwenye daraja jembamba la marumaru na kupelekwa kulala Akal Takht, jengo linalotazamana na hekalu. Neno kulala silitumii kwa mzaha: tangu mwaka 1708, Guru Gobind Singh alipotangaza kwamba baada yake hakutakuwa na Guru wa kibinadamu, maandiko hayo ndiyo Guru, naye huheshimiwa kama mkubwa aliye hai, hufunikwa, hupepewa na kupumzishwa. Saa kamili ya kila siku iulize katika ofisi ya habari iliyopo karibu na lango kuu, lenye mnara wa saa.

Alfajiri: ndani ya hekalu na katika jiko

Rudi kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu alfajiri, Kitabu kinaporudishwa hekaluni. Sasa ndipo uingie foleni. Mchana, hasa siku za mapumziko, watu husimama darajani saa moja hadi tatu. Alfajiri foleni ni fupi zaidi na nyimbo za ibada, zinazoimbwa kwa kinanda na tabla, husikika juu ya maji bila kelele nyingine. Ndani ni padogo kuliko unavyodhani. Utaona Kitabu chini ya kitambaa cha pambo, waimbaji kando yake, na mahujaji wakisujudu na kuweka sadaka. Mgeni asiye Msikh halazimiki kusujudu, anatosha kuinamisha kichwa na kupisha njia. Panda pia ghorofa za juu, ambako kuta zimenakshiwa na watu huketi kimya wakisoma. Ukitoka utapewa karah prashad, halua laini ya moto ya unga wa ngano, samli na sukari. Si ile halua ya Zanzibar au Maskati ya kuvutika, hii huyeyuka. Ipokee kwa viganja viwili vilivyounganishwa, na kama dini yako haikuruhusu kuila, ni heri kupita bila kunyoosha mikono kuliko kuipokea ukaitupa.

Kisha nenda langar, ukumbi wa chakula wa Guru Ram Das. Siku ya kawaida hulisha watu zaidi ya 50,000, na sikukuu idadi hufika 100,000, mchana na usiku, bure kwa kila mtu. Utakabidhiwa sinia la chuma mlangoni, utaketi sakafuni katika mstari, na wahudumu watapita na ndoo za dengu, mboga, na mara nyingi wali wa maziwa. Chapati hutandazwa viganjani, hivyo inua mikono yote miwili, usiikwapue. Chukua kile utakachokimaliza, maana kubakiza chakula hapo ni aibu. Ukitaka kuongezewa, mhudumu atarudi. Nyama haipikwi kabisa, jambo linalompunguzia Mwislamu wasiwasi wa uhalali. Kukaa sakafuni kwa mstari ni fundisho lenyewe: Maguru waliamuru kwamba tajiri na maskini, wa tabaka la juu na la chini, wale bega kwa bega, katika nchi ambayo mtu alikuwa hali hata kilichoguswa na mwenzake.

Usiondoke hapo mara moja. Pita nyuma ambako watu wanamenya vitunguu saumu, wanasukuma chapati na kuosha masinia, na kaa nao. Huhitaji kuomba kibali wala kujua Kipunjabi. Mtu atakusogezea kisu au atakupisha kwenye karo. Kazi hiyo ya kujitolea huitwa seva. Nusu saa ya kuosha vyombo katika mlio ule wa chuma kwa chuma itakufahamisha mji huu kuliko makumbusho yoyote nitakayoyataja hapa chini.

Kabla hujatoka, simama mbele ya Akal Takht, iliyowekwa na Guru Hargobind mwaka 1606 kuwa kiti cha mamlaka ya kidunia ya Wasikh mkabala na kile cha kiroho. Jengo unaloliona ni jipya kiasi, kwa sababu lile la awali liliharibiwa vibaya Juni 1984, jeshi la India lilipoingia hekaluni kupambana na wafuasi wenye silaha wa Jarnail Singh Bhindranwale, kiongozi wa Wasikh wenye msimamo mkali, na mahujaji wengi wakafa. Kidonda hicho hakijapona. Mwenyeji akikusimulia, sikiliza. Usianzishe mjadala wewe.

Mchana: bustani ya mauaji na makumbusho

Kutoka lango kuu ni mwendo wa dakika chache tu hadi Jallianwala Bagh. Tarehe 13 Aprili 1919, siku ya Vaisakhi, watu waliokusanyika katika uwanja huu uliozungukwa na kuta walipigwa risasi na askari waliokuwa chini ya Brigedia Jenerali Reginald Dyer, bila onyo, kwa takriban dakika 10, zikafyatuliwa risasi zipatazo 1,650. Serikali ya kikoloni ilihesabu waliokufa 379. Chama cha Congress, kilichopigania uhuru wa India, kilikadiria 1,000 hivi. Kiingilio hakuna. Utaingia kwa kichochoro kile kile chembamba walimopitia askari, utaona alama za risasi zilizowekewa fremu ukutani, na kisima ambamo watu walijitosa kukimbia risasi. Ukarabati wa mwaka 2021 ulijaza kichochoro hicho sanamu za watu wanaotabasamu, nami naungana na walioulalamikia, kwani ule wembamba mtupu ulijieleza wenyewe.

Endelea kwa barabara ya waendao kwa miguu hadi jengo la zamani la manispaa, ilipo Partition Museum, makumbusho ya mgawanyo wa India na Pakistani, iliyofunguliwa mwaka 2017. Ina kiingilio na hufungwa Jumatatu. Mwaka 1947 Punjab ilikatwa vipande viwili, Lahore ikabaki Pakistani na Amritsar India, miji iliyo umbali wa kilomita 50 hivi tu, na mamilioni ya watu wakahama kila upande. Humo mna masanduku, barua, vyombo vya jikoni, na vitu viwili vya kutafuta kwa makusudi: koti la nakshi ya phulkari na mkoba wa ngozi, mali ya wachumba waliopotezana katika vurugu wakakutana tena kwenye foleni ya chakula kambini. Tenga saa mbili.

Mwislamu anayetafuta mahali pa kuswali adhuhuri aende Hall Bazaar, ulipo msikiti wa Khairuddin uliojengwa mwaka 1876. Chakula cha mchana kiwe kulcha, mkate wa tanuri uliojazwa viazi na viungo, unaoliwa na dengu kubwa nyeupe wanazoziita chole, ukisukumiwa na lassi, maziwa ya mgando yaliyopigwa, katika bilauri inayotosha watu wawili. Samaki wa Amritsar, wa kukaangwa kwa unga wa dengu, ni mtamu, ila mtafute mbali na hekalu, kwani pale jirani migahawa haiuzi nyama wala samaki.

Jioni ya pili: mpakani

Kituo cha mpaka cha Attari, mkabala na Wagah ya Pakistani, kipo kilomita 30 hivi magharibi. Ondoka mjini kabla ya saa tisa alasiri. Beba pasipoti, na begi liache hotelini, maana mabegi hayaingii na wenye kuyatunza nje ni watu usiowajua. Tangu mwaka 1959 walinzi wa nchi mbili hushusha bendera pamoja kila jioni kabla ya jua kuzama, wakipiga hatua za kurusha miguu mpaka usawa wa paji la uso huku majukwaa yakishangilia kama uwanja wa mpira. Mwaka 2025, uhusiano ulipochafuka, sherehe ilipunguzwa, malango yakabaki yamefungwa na makamanda wakaacha kupeana mikono. Kwa hiyo uliza hotelini hali ikoje wiki hiyo kabla ya kukodi gari. Kusema kweli, asiye na muda aache hili kabla ya kuacha chochote cha hekaluni.

Ukibaki na nafasi

Ngome ya Gobindgarh, iliyokuwa hazina ya Ranjit Singh, inafaa kwa wenye watoto. Hekalu la Kihindu la Durgiana, lililojengwa kwa kufuata umbo la Harmandir na maarufu kwa milango yake ya fedha, hutazamwa kwa nusu saa. Nyuma ya hekalu kuu upo mnara wa Baba Atal wenye ghorofa 9, moja kwa kila mwaka wa umri wa mtoto wa Guru Hargobind anayekumbukwa pale, na ambao watalii wengi hawaufikii ingawa ni hatua chache tu.

Mwenye siku ya tatu akodi teksi asubuhi hadi Tarn Taran, kiasi cha kilomita 25 kusini, kwenye hekalu lenye bwawa kubwa kuliko la Amritsar na watu wachache zaidi, kisha aunganishe hadi Goindwal, alikoishi Guru Amar Das. Huko kuna kisima cha ngazi 84, na mahujaji hushuka, huoga na kusoma sala moja katika kila ngazi, kazi inayochukua saa nyingi; mgeni anaweza kushuka mara moja akanawa uso na kupanda. Ngazi huwa na maji na utelezi, nawe utakuwa peku, kwa hiyo shika ukuta, na mwambie dereva akusubiri upande ule ule ulikoacha viatu.